Aliyecheka Baada ya Wenzake

Kitengela,
Jumapili, baada ya kanisa.

Kwako Dada Wakesho,

Kabla hujaendelea, tafadhali inuka uangalie nani yuko karibu. Kama Mama yuko jikoni na Baba yuko barazani, zikunje karatasi hizi uende nazo kule juu kwenye mfereji, mahali unapokaa ukingoja zamu yetu ya maji. Nakuomba kwa ziwa moja tulilonyonya: neno hata moja la barua hii lisimfikie Baba, wala Mama, wala mtu yeyote wa kanisani.

Ndani ya bahasha umekuta barua mbili. Ile ya karatasi ya mistari ndiyo ya kusomwa kwa sauti baada ya chakula, kama kawaida ya nyumbani. Haina uongo. Ina habari za mvua, na kazi, na salamu za kila mtu. Hii isiyo na mistari ni yako peke yako, na ukiimaliza iwashie moto wa chai. Nimezitenga kwa sababu nakujua, Dada. Wewe ukisoma mbele ya watu huwezi kuruka mstari. Ile siku barua ya Mjomba ilipofika na habari za ugomvi wake na mkewe, uliisoma hadi mwisho huku Mama akikukanyaga mguu.

Sasa nikuamkie, maana hofu imenifanya nitangulize shida mbele ya adabu. Hujambo? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa ukungu kimetulia? Kabichi zimefunga? Mama bado anaikataa miwani? Mimi mwili ni mzima. Nakula vizuri na upepo wa huku nimeuzoea, ingawa vumbi lake huingia hata kwenye sukari iliyofunikwa. Asubuhi nikingoja gari la kazini nawaona nyumbu ng'ambo ya barabara, wamesimama kati ya viwanja vilivyowekwa mawe ya mipaka, kana kwamba nao wamekuja kutafuta ploti.

Jambo lenyewe ni hili. Meneja wa shamba la maua, kule Isinya ninakofanya kazi ya ukarani, amenipa hadi Ijumaa nimpe jibu. Wanataka kuniajiri kwa kudumu, kama mhasibu, katika ofisi yao kubwa ya Nairobi. Baba anajua nusu ya habari hii, kwa sababu nilimwandikia kuwa wanaifikiria, na wewe mwenyewe uliniambia jinsi alivyosimama kanisani kutoa shukrani kabla hata kitu chenyewe hakijaja. Na mimi sitaki, Dada. Nataka kuwa mwalimu wa watoto viziwi.

Nimeandika. Nilidhani mkono utakataa.

Usicheke. Au cheka, lakini endelea kusoma, kwa sababu haya hayakuanza jana, na sitaki udhani nimelishwa kitu na watu wa huku.

Unakumbuka mwaka wangu wa kwanza chuoni nilivyokuwa nikiwaandikia kwamba kila kitu ni kizuri? Nilikuwa naogopa kila kitu. Niliogopa foleni ya chakula, niliogopa migomo, niliogopa kuuliza swali darasani kwa sababu ya matamshi yangu ya milimani. Nikajiunga na kikundi cha wanafunzi wa kujitolea, na sababu haikuwa huruma. Siku za mkutano walikuwa wanatoa soda na mandazi, na hapo ndipo palikuwa mahali pekee mtu alipokuuliza jina lako. Wenzangu wakapewa kutembelea wagonjwa na kupanda miti. Mimi nikapewa Kilonzo.

Kilonzo alikuwa katika darasa letu lile lile la hesabu za biashara, na alikuwa kiziwi tangu utotoni. Kazi yangu ilikuwa kukaa kando yake na kumwandikia anayosema mhadhiri. Siku ya kwanza nilimwandikia ukurasa mzima kwa haraka nikamsogezea. Akausoma, akachukua kalamu, akaandika chini yake: “Wewe ulitaka kuwa daktari? Sioni herufi hata moja.” Ndivyo tulivyoanza.

Nikikaa pale kando yake niliona kitu ambacho mtu wa nyuma au wa mbele hawezi kukiona. Mhadhiri akitania, ukumbi mzima unacheka. Kilonzo anatupa jicho kwenye nyuso za watu, halafu naye anacheka. Nyuma kidogo tu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga pale mwenzake alipokanyaga. Nilimuuliza kwa maandishi kwa nini anacheka na hajui kilichosemwa. Akaandika: “Usipocheka watu wanakuangalia.”

Mwaka wa pili kukawa na ule mgomo uliofanya chuo kifungwe. Mabomu ya machozi yalipoanza kulia tulitimka wote kuelekea mabwenini, na mimi, unanijua, nilikuwa mbele. Nikiwa mlangoni nikakumbuka kwamba Kilonzo alikuwa maktaba, kwenye ile meza ya pembeni anayopenda, mgongo kwa mlango. Niliogopa, Dada, nakwambia ukweli, lakini nilirudi. Nilimkuta amekaa peke yake katika jengo zima, anapiga hesabu, ametulia kama mtu wa ibada. Nikamgusa bega. Aliponitazama usoni alielewa bila kalamu. Tukatoka kupitia dirisha la nyuma.

Baada ya hapo akanifundisha lugha ya ishara, kwa sababu alisema karatasi ni polepole mno wakati wa mbio. Na ile likizo niliyochelewa kuja nyumbani, mkanung'unika, nilikuwa katika shule ya viziwi aliyosomea yeye akiwa mdogo. Nilijitolea kuwafundisha hesabu. Sijui nikueleze vipi. Darasani kwetu mtoto akijua jibu anainua mkono. Kule mtoto akijua jibu, mwili wake wote unajua. Niliporudi chuoni nilikuwa nimeshajua ninachotaka, na nikaogopa kukitaja, nikakaa kimya, nikamaliza digrii yangu, nikaja Isinya kuandika idadi ya maboksi ya waridi.

Ningeendelea kunyamaza kama si Kisaju.

Kisaju ni soko dogo upande wa kusini kwenye barabara hii ya Namanga, kabla ya kufika Isinya. Kanisa letu lina tawi pale, na mchungaji aliposikia kuna kijana wa digrii aliniomba niwe nafundisha watoto kila Jumamosi. Watoto wengi ni wa Wamaasai wa pale, na watoto wa Kimaasai hawasalimii wakubwa kwa mdomo. Mtoto anakuja mbele yako anainamisha kichwa, nawe unaweka kiganja juu ya utosi wake. Siku ya kwanza walijipanga mbele yangu, vichwa chini, na mimi nikadhani wameambiwa wangoje maombi. Nikafumba macho nikaanza kuwaombea mmoja mmoja. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Kati yao kulikuwa na msichana anayeitwa Naserian, wa umri wa kuanza darasa la kwanza. Analelewa na nyanya yake, ambaye kila mtu anamwita Koko, na hiyo ndiyo maana yake kwa Kimaa, nyanya. Hakuna mtoto aliyesifiwa kama huyo. Alikuwa wa kwanza kuleta kichwa. Hakupiga kelele, hakujibizana, hakukatiza wakubwa. Mchungaji alikuwa akimsimamisha mbele: “Mwangalieni Naserian. Mmewahi kusikia Naserian akijibizana na mtu?” Nami nilimsifu pamoja na wengine, na Koko alikuwa anakaa kwenye benchi lake la nyuma, shuka limefunika mabega, akipokea sifa hizo bila kusema kitu.

Jumamosi moja niliwapa hadithi ya fisi aliyeingiza kichwa kwenye kibuyu cha maziwa kikakwama, akawa anawauliza wanyama wote mbona usiku umeingia mapema. Watoto wakaangua kicheko. Naserian akamtazama mwenzake usoni. Halafu akacheka.

Kicheko kile nilikijua. Nilikuwa nimekaa kando yake chuo kizima.

Nikazunguka nyuma yake nikamwita jina. Wakageuka wengine, yeye akaendelea kuchora mchangani. Nikaita kwa nguvu zaidi. Akachora mkia.

Ndipo nilipokosea. Kwa furaha ya kugundua nilikwenda moja kwa moja kwa Koko, pale pale nje ya kanisa, mbele ya akina mama waliokuja kuchukua watoto wao.

“Koko,” nikasema, “huyu mtoto hasikii.”

“Hasikii nani?”

“Hasikii kabisa. Masikio yake.”

“Masikio yake iko hapo mbili,” akasema. “Wewe umeona moja imeanguka?”

Akina mama wakacheka. Yeye hakucheka. Alimshika Naserian mkono wakaenda zao, na Jumamosi iliyofuata benchi la nyuma lilikuwa tupu, na ile iliyofuata vile vile.

Sikulala vizuri. Nilimweleza Mama Halima, mwenye nyumba wangu. Watu wake ni wa Wajir. Duka lao liko mbele, vyumba vyetu viko nyuma, na mumewe hununua mbuzi na ng'ombe minadani. Alikuwa anapima mchele, hakuacha kupima.

“Uliingia mikono mitupu?” akauliza.

“Ilikuwa kanisani, Mama.”

“Mikono mitupu, tena mbele ya watu. Skiza. Mzee wangu akitaka kumwambia mtu ng'ombe yake ni mgonjwa, anauliza kwanza mvua. Anauliza watoto. Anauliza majani. Chai inaletwa, inakunywiwa. Halafu ndiyo anasema, ‘Na ile nyekundu, kama naona inatembea pole pole.’ Hiyo ni ng'ombe. Wewe umeambia mama ya watu mtoto wake ni mbovu kama unasoma habari kwa redio.”

“Sikusema ni mbovu.”

“Ulisema mbele ya wanawake. Wataimalizia wenyewe.” Akanisogezea sukari na majani ya chai juu ya meza ya duka. “Peleka hii. Na ukifika usiongee. Wacha mwenye nyumba aongee.”

Nikaenda. Boma lao liko ndani, mbali na barabara, na nilitembea nikijiambia kwamba pengine watakuwa wamehama. Koko alikuwa mlangoni. “Takwenya, Koko,” nikasema, nikiwa nimeirudiarudia salamu hiyo njia nzima. Akajibu, “Iko,” bila kunitazama, akaipokea sukari, akaniwekea kigoda. Akawasha moto. Tukazungumza mvua. Tukazungumza nyasi. Tukazungumza jamaa wa jirani aliyeuza shamba lake lote akabaki na pikipiki. Chai ikaja, na mimi nikainywa nikiwa nimebana mdomo kama mtu mwenye jino bovu.

Naserian akaja na mbuzi. Aliponiona alileta kichwa, nikamgusa. Halafu nikaona kitu. Koko aliinua mkono, akafunga vidole, akavishusha mara mbili hewani kama anayekamua. Mtoto akachukua kibuyu akaenda. Aliporudi, Koko akageuza kiganja kuelekea lango, akakilaza. Mtoto akaenda kulifunga lango kwa matawi ya miiba. Koko akagusa shavu lake na kuelekeza kidole kwangu, na Naserian akacheka, tena safari hii hakucheka nyuma ya mtu yeyote. Sijui mpaka leo walisema nini juu yangu.

Nilikuwa nimebeba habari ya lugha ya mikono nikimpelekea yule mama, na nikaikuta iko nyumbani kwake, imekaa kwenye moto.

Koko aliona kwamba nimeona.

“Nilijua kabla yako,” akasema. “Nilijua tangu akianza kutembea. Lakini alikuwa ameshajua kuleta kichwa. Nikasema, basi, hiyo inatosha. Watu wanataka nini kwa mtoto? Wanataka awasalimie. Huyu anawasalimia.”

“Mbona hukumwambia mtu, Koko?”

“Nimwambie nani? Mama yake alikufa. Hapa wengine wangesema ni laana, wamfungie ndani wageni wakikuja. Sasa anachunga, anaenda kanisa, mchungaji anamsifu. Nani mtoto wake anasifiwa hivyo?” Akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. “Lakini mimi nazeeka. Nikienda,” na hapo akafanya tena ile ishara ya kukamua, “nani atajua hii ni maziwa?”

Nikaweka kikombe chini.

“Kwa hivyo wewe,” akasema. “Umekuja kumfundisha, ama umekuja kumwangalia tu?”

“Nitaulizia, Koko.”

“Ulizia,” akasema, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuahidiwa vitu.

Niliulizia kweli. Kajiado mjini kuna shule ya msingi yenye darasa la viziwi pembeni. Nikaomba ruhusa kazini, nikawapeleka wote wawili. Hospitali walithibitisha yale yale. Kutoka hapo tukaenda shuleni, Koko akiwa amevaa shanga zake za sherehe kama anaenda kuposa.

Wakati wa mapumziko watoto wa darasa lile walikuwa uwanjani, wanaongea. Mikono ilikuwa inaruka kila mahali. Mmoja anasimulia, wawili wanabishana, mwingine amegeuza mgongo makusudi ili asiambiwe kitu. Naserian akasimama kama amepigwa na jua. Maisha yake yote alikuwa amemwona mtu mmoja tu duniani anayezungumza, naye ni nyanya yake.

Akajinasua kwenye mkono wa Koko, akawaendea, na alipofika akainamisha kichwa. Kule kwao hilo halifanywi. Kichwa ni cha wakubwa, huwezi kukipeleka kwa wa rika lako. Lakini hakuwa na salamu nyingine, Dada. Ndiyo peke yake aliyopewa. Akaenda kwa wa kwanza, kichwa chini. Akaenda kwa wa pili, kichwa chini. Wale watoto wakatazamana, mmoja akataka kucheka. Msichana mkubwa kidogo akatoka katikati yao. Hakumgusa utosi. Alimwinua kidevu kwa kidole, akangoja mpaka macho yao yakakutana, halafu akampungia salamu ya ishara, polepole, akairudia. Naserian akautazama mkono wake mwenyewe kama ameuokota. Akaujaribu.

Nilipogeuka, Koko alikuwa ameziba mdomo kwa shuka.

Mwalimu mkuu, mama mmoja mpole mwenye sauti ya chini, alituambia ukweli. Watoto wamekuwa wengi tangu masomo ya msingi yawe ya bure, kwa sababu wazazi wameanza kuwatoa waliokuwa wamewaficha, na mwalimu wa darasa lile yuko peke yake. “Siwezi kupokea mwingine mpaka nipate mkono wa pili,” akasema. Halafu akanitazama nilivyokuwa nikiwajibu wale watoto dirishani, wakiniuliza kwa ishara kama mimi ndiye baba wa mgeni. “Wewe unafanya kazi gani?”

“Mimi ni karani, Mwalimu. Shamba la maua.”

“Unaipenda?”

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo tangu nizaliwe. Nikasema ni kazi nzuri.

Amesema naweza kuanza kama msaidizi, kwa posho kidogo ya wazazi na chumba kimoja pale shuleni, na likizo zote niende kusomea ualimu wa watoto wenye mahitaji maalum hadi nipate cheti. Posho yenyewe nimeificha hata kwa Mama Halima, asije akanihurumia. Na ameongeza kwamba siku nitakayoripoti ndiyo siku Naserian atakayopewa kitanda bwenini.

Kazini nilimwambia mmoja tu, karani mwenzangu Njoroge, ambaye meza yake inagusana na yangu. Alidhani namtania.

“Buda, unaacha kazi ya Nairobi juu ya watoto wa kuongea na mikono? Na staff room utaitisha chai aje? Utacheza ngoma?”

Akaionyesha ile ngoma, akiwa ameinuka kwenye kiti, mpaka meneja akachungulia. Baadaye, tukifunga madirisha, akaniuliza bila mzaha kama mtoto asiyesikia hujulikana akiwa na umri gani. Ana mtoto mdogo wa miaka miwili. Nikamwambia afanye nini.

Sasa nikuambie kwa nini nimekuandikia wewe, wala sikumwandikia Baba.

Nilipoketi baada ya kanisa nilikuwa na nia ya kukuomba uniamulie. Ningekueleza yote, kisha niseme: Dada, ukisema Nairobi, nitakwenda Nairobi. Nilifikiri ni haki yako. Wewe uliacha shule kidato cha pili, na darasani ulikuwa mbele kuliko nilivyowahi kuwa mimi, na hukulia mbele yetu. Ulikunja sketi yako ya shule ukaiweka, ukafunga kanga, ukaenda shambani, na jioni ukanishikia taa nifanye hesabu. Nikasema, mtu aliyeacha njia yake ili mimi nipite, anaweza kunionyesha pa kwenda.

Lakini nimefika hapa, karatasi ya nne, na naona ningekuwa nakutwika tena. Ukisema ndiyo, Baba atakuuliza wewe. Ukisema hapana, kila ukikumbuka yule mtoto uwanjani utadhani ni wewe uliyemfungia lango. Hapana. Uliwahi kuamuliwa na watu wazima bila kuulizwa. Sitakuja leo nikakufanya wewe ndiye unayeamua kwa niaba ya mwoga.

Kwa hiyo sikuulizi, Dada. Nakwambia. Ijumaa nitaingia kwa meneja nimshukuru, nikatae. Bado naogopa. Naogopa ile dakika ya kugonga mlango wake, na naogopa zaidi uso wa Baba, atakapoelewa kwamba yale aliyoyatangaza kanisani hayatakuwa. Nimejaribu kungoja hofu iishe ndiyo niamue, na sasa naamini haitaisha. Itabidi tuende nayo.

Ninachokuomba ni kunyamaza tu, hadi nije mwenyewe likizo ya Agosti. Nataka Baba alisikie kutoka kinywani mwangu, nikiwa nimekaa mbele yake, si kwenye karatasi inayosomwa watu wakiwa wanakula. Kama atapiga meza, aipige nikiwepo. Na kama wewe una hasira na mimi, na una haki, nisubirie nayo pia. Nitakaa nawe kule kwenye mfereji uniambie yote.

Salamu usizipeleke kutoka barua hii, maana zimo kwenye ile nyingine, lakini siwezi kufunga barua bila kuziandika. Nimemkumbuka Mama, ambaye sasa hivi bila shaka anasoma saa ya ukutani kwa kuisogelea. Nimemkumbuka Nyanya Mkamburi, aliyenifundisha kuhesabu kwa mbegu za maharage. Mjomba Mwakio msimamizi wa zamu za maji, na mkewe, kama wamepatana. Shemeji yetu fundi wa cherehani, na mapacha wake ambao bado siwatofautishi. Na Baba, ambaye namheshimu kuliko anavyojua, na ambaye barua hii yote imeandikwa kwa kumwogopa na kumpenda.

Ni mimi mdogo wako uliyemshikia taa,

Mwadime

Namna ya kunipata. Hadi Ijumaa piga simu ya duka la Mama Halima. Nambari nimeiandika ndani ya mfuniko wa bahasha, ichane polepole usiiharibu. Piga baada ya alasiri, akishamaliza kuswali. Atakusalimia kwanza mambo yote hadi mifugo, usimharakishe, halafu atanigongea ukuta. Ofisini usipige. Kuanzia Jumatatu simu ya ofisini itachukuliwa na Njoroge, na hakuna atakachokwambia zaidi ya kwamba nimeondoka.

Barua tuma shuleni Kajiado. Anwani iko kwenye mfuniko huo huo, chini ya nambari. Juu ya bahasha andika jina langu peke yake, usiandike cheo chochote.

Na kama utapata nafasi ya kuja wewe mwenyewe, jambo ambalo siombi lakini nalitamani, panda basi la Nairobi hapo Voi, umwambie kondakta akushushe Athi River panapogawanyika barabara ya Namanga. Hapo utapata gari hadi Kajiado mjini. Uliza darasa la watoto wa ishara, hata wauza nyanya watakuonyesha. Mlango wetu ni wa mwisho, na mara nyingi utaukuta wazi kwa sababu ya joto. Usisimame nje ukiniita, maana mimi nitakuwa nimewageukia watoto na wao hawatasikia. Sakafu ni ya mbao. Ingia hatua moja, upige mguu chini kwa nguvu, usione haya. Tutageuka wote.